Sufuria ya Jumuiya

Mama alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa huku Ilemela, na sufuria kubwa ya kupikia misibani ilikaa jikoni kwetu. Geti likigongwa alfajiri, moyo wangu ulienda mbio. Yeye alijifunga kitenge tu, akauliza, "Msiba uko kwa nani?" kisha akaenda kupika. Niliichukia ile sufuria kama mchawi.

Wiki ambayo Mama alilazwa hospitali ya Sengerema, ng'ambo ya ziwa, simu sikuitoa mkononi. Haikuita. Asubuhi moja akina mama wa jumuiya wakaja kuchukua sufuria. Kwa aibu nasema, nilishukuru kwamba zamu ni ya wengine.

"Shikamooni. Msiba uko kwa nani?"

Waliitoa sufuria nje, wakaanza kupanga mafiga uani kwetu.