Mgongo wa Masika Ukutani

Ndani ya sale ya maonyesho walizima taa, na kuta zote nne zikageuka Petite Barrière, kivuko cha mpakani. Masika akajikuta katika foleni ileile anayoisimamia kila asubuhi akienda Gisenyi, ng'ambo ya mpaka: mbele wanawake na beseni zao za mboga, pembeni uzio, na viatu vya askari vikikanyaga kana kwamba viko sakafuni pale. Bagalwa, kijana aliyetengeneza hizo picha za video, alikuwa ameficha baffles za sauti kila kona. Bénie, binti wa Masika wa miezi saba, alikuwa amelala mgongoni.

Ndipo Masika akajiona. Kwenye ukuta wa kushoto, mkubwa kuliko mlango wa kanisa, alikuwa anasogea na foleni huku akipigapiga mgongo wake, anabembeleza.

Siku ile ya kupigwa picha Bénie alikuwa amebaki nyumbani Munigi na bibi yake. Mgongoni kulikuwa na vitenge vya kuuza, vimekunjwa vizuri, vimevikwa kofia ya sufu ya mtoto. Miezi mitano sasa alikuwa anavusha hivyo bila kulipa ushuru, maana wapekuzi hawamwamshi mtoto aliyelala. Siku wakimkamata, watachukua karatasi yake ya kuvukia, na ile karatasi ndiyo chakula cha nyumba.

Bagalwa alipomwomba ruhusa alisema, "Nitapiga picha mugongo tu, mama. Sura haitaonekana." Masika akakubali. Aliogopea sura, mgongo hakuufikiria.

"Angalia namna anapenda mutoto wake," mwanamke mmoja akanong'ona gizani.

Ukutani kofia iliteleza kidogo. Chini yake, mahali pa kichwa, pakatokeza pembe ya kitambaa chenye maua ya manjano.

Masika akageukia mlango. Pale alisimama Uwamariya, mama anayewapekua wanawake upande wa Gisenyi, leo bila uniforme, mwaliko mkononi. Alitazama ukuta, akamtazama Masika, akarudi kwenye ukuta.

Viatu vikanguruma tena. Bénie akashtuka, akalia kwa nguvu zake zote.

Uwamariya akaja polepole. "Kumbe iko na sauti. Mimi nilikuwa najiuliza, huyu mutoto wa Masika, mbona halii hata siku moja?"

"Alikuwa... alikuwa na usingizi, mama."

"Miezi mitano?" Akanyoosha kidole, akagusa shavu la Bénie vile anavyogusaga mizigo. "Anaitwa nani?"

"Bénie."

"Kesho niko pale saa moja. Uje na Bénie. Ule mwingine umuache nyumbani. Ukimuleta tena, nitamuamsha mimi mwenyewe."

Akaondoka. Masika akamtafuta Bagalwa, akamshika mkono wa shati.

"Hizi picha utatoa ukutani lini?"

"Siku ya posho, Jumamosi hii, mama," Bagalwa akajibu kwa furaha. "Kisha tunazipeleka Gisenyi. Wakubwa wote wa barrière watakuja."

Masika alimfungua Bénie mgongoni, akamhamishia kifuani, akatembea naye hivyo mpaka Munigi.