Sahani Moja Tupu

Harufu ya rangi ya kucha hunirudisha kijijini kwetu Masama mpaka leo. Ndiyo harufu iliyotoka kwenye sahani ya santuri sindano ilipoichonga na kuacha uzi mweusi uliojikunja. Baba alikuwa fundi redio, na Desemba moja alipanda mlimani na mashine kuukuu ya kuchongea santuri, aliyoiokoa kwenye stoo ya duka lililofungwa mjini Moshi. Sandukuni mlikuwa na sahani moja tu tupu. Gurudumu la mpira la kuzungushia lilikuwa limekauka na kupasuka, hivyo mashine iliyumba kama mlevi. Tulikaa chini ya migomba, Baba akikata gurudumu jipya kutoka kwenye kandambili yangu na kulisugua kwa msasa hadi likawa duara. Sikulalamika kwenda peku. Tulitaka kuuhifadhi wimbo wa Bibi wa kupalilia ulezi. Wenzake waliouimba walikuwa wamekwisha kufa, na kifua chake kilikuwa kibaya. Mwenyewe alicheka: "Hilo dude lenu litakula sauti yangu, halafu?"

Krismasi, ukoo mzima uliporudi nyumbani, Baba aliiwasha mashine na kuishusha sindano. Ikazunguka kwa utulivu. Bibi akasafisha koo, lakini baba mkubwa, aliyekuja na gari kutoka Dar, akaweka chini kata yake ya mbege, pombe ya ndizi, na kusimama. "Mama, ngoja kidogo. Jambo la ukoo hufunguliwa na mkuu wa ukoo." Akamshukuru Mungu, akawashukuru wakwe mmoja mmoja, akamsifu hata ng'ombe aliyechinjwa. Sindano ikazidi kusogea katikati.

"Baba mkubwa, inaisha!" nikapiga kelele.

"Huyu mtoto kalelewa wapi?" akauliza, na hilo nalo likachongwa. Baba, mdogo wake, hakuthubutu kuinua sindano. Heshima si utumwa, husema wahenga. Siku ile sikuiona tofauti. Bibi hakuifikia Pasaka.

Shule niliiacha mapema, nikatangatanga. Kila nilikofika, tangu Sanya Juu, nimeuulizia wimbo ule. Nimepata kipande cha kiitikio tu. Leo simu yangu ya bei rahisi hubeba sauti za siku nzima, na watoto wa ukoo hurekodi hata jogoo. Krismasi iliyopita baba mkubwa, sasa mkongojo mkononi, aliomba tuipige santuri. Akasikiliza macho kayafumba. "Nilikuwa na sauti, eh!" akasema, akaenda kwenye nyama. Hakungoja mwisho, pale Bibi anapovuta pumzi ili aanze.