Siku Niliyomsitiri Mkurugenzi

Yule mkurugenzi alitua Stockholm na koti la kuazima na maringo yake mwenyewe. Nyumbani Tanzania alishughulikia majengo ya serikali, na sidhani kama aliwahi kuchora hata banda la kuku. Miaka ile ya sabini barua zilimwita ndugu kama sisi sote, lakini ukimwita ndugu usoni ananuna. Nikawa namwita mzee, na shikamoo juu.

Mimi nilikuwa binti niliyemaliza masomo ya uchoraji wa majengo, nakaa Rågsved, pembezoni mwa jiji, kibali changu cha kukaa kinakaribia kwisha. Mama mmoja wa Kiswidi, mwenye ofisi ya wachoraji, alikuwa na nafasi moja ya kazi, mwaka mzima, kwa Mtanzania. Aliniomba nimtembeze mgeni pamoja naye na kumtafsiria, halafu mezani tungezungumza habari ya nafasi hiyo. Mzee alikuwa amekataa kusema Kiingereza, eti kwa heshima ya taifa. Heshima gani! Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga.

Tulianza na jumba la sanaa. Kulikuwa na magurudumu ya chuma yanayozungushwa na mota, yanalia kwi-kwi-kwi. Mzee akayatazama weee, akasema, "Hii mashine ya kusaga imekufa. Wamwite fundi."

Mama akanigeukia, macho yanamng'aa, anataka kujua amesemaje. Sasa mimi nimelelewa kwamba mkubwa wako humuumbui mbele ya wageni, hata awe mjinga kiasi gani. Nikasema anaona humo uchovu wa mashine, na mkono wa fundi ambaye hayupo. Mama akashika kifua. Na yeye naye! Mwafrika angepiga chafya, yule angetafuta kalamu aandike.

Kwenye jumba la baraza la jiji, chini ya zile kuta za matofali mekundu, mzee aliuliza choo kiko wapi. Nikatafsiri kwamba anastaajabu jinsi mchoraji alivyoyaficha mabomba. Kwenye ukumbi wa dhahabu akapiga miayo. Nikasema amekosa la kusema.

Mchana tukaingia hoteli ya vitambaa vyeupe. Wakaleta samaki aliyelazwa kwenye chumvi na sukari, hajaona moto.

"Mbichi!" mzee akafoka. "Kwani mimi paka?"

Nikasema anamsifu mpishi kwa kumwacha samaki awe samaki. Kusema kweli nilikuwa nimeanza kunogewa. Yale mawazo yalikuwa yangu, ya miaka minne darasani, na nilidhani mama anasikia ni nani hasa anayesema.

Mama akaweka uma chini. Akaniambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba nafasi ile alikusudia kunipa mimi, lakini mtu mwenye jicho kama la mzee huyu hajamwona miaka mingi. Angempa yeye.

"Na wewe utabaki umtafsirie, si ndiyo?"

"Amesemaje huyo?" mzee akauliza, anachokonoa meno.

Nikasukuma sahani yangu kando kwa hasira. Nikamweleza neno kwa neno, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mwambie nimekubali," akasema. "Ila huyo samaki, siku nyingine ampike."

Nikamwambia mama kwamba amekubali. La samaki sikulisema. Hata hapo nilimsitiri, bwege mimi.