Mruko wa Korona

Kaka yangu huanguka. Kazi yake ya kila siku ni kuchomelea mageti hapa Tanga mjini, lakini ukimuuliza atakuambia yeye ni mwigizaji wa filamu za mapigano. Katika filamu zetu za kuungaunga kuna anayependwa na kuna anayesema sana, ila wa kuanguka ni yeye tu. Ameanguka kutoka kwenye pikipiki, kwenye mnazi, kwenye ukuta wa shule. Mimi nashika kamera, halafu nakaa na kompyuta nikiunga vipande. Chuo kikuu nilisomea mambo mengine kabisa, ambayo hadi leo hayajanipatia kazi.

Filamu ya mwisho ilimtaka aruke kutoka paa la korona iliyokufa, upande wa Maramba. Korona ni kiwanda cha kuchakata mkonge. Baba yetu alizeekea kwenye moja mpaka ikafungwa. Wakati huo mgongo wa kaka ulikuwa umeshaanza maneno yake. Asubuhi alikuwa anaamka kitandani kwa awamu: kwanza upande, kisha kiwiko, kisha anapumzika. Nikamwambia aruke kutoka kwenye stuli, nitundike shuka la kijani nyuma yake, paa nitalitia mwenyewe kwa kompyuta.

"Msomi, unataka nidanganye watu?"

"Kwani damu yenu si juisi ya rozela? Bastola si ya mbao? Kwa nini kuanguka peke yake ndiko kuwe kweli?"

"Kwa sababu mtu akianguka kweli, anayetazama tumbo linamkata. Kompyuta haimkati mtu tumbo."

"Nani kakuambia?"

"Mimi natazama filamu tangu hujazaliwa. Shika kamera."

Nilishika. Chini tulipanga viroba vilivyojazwa usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, laini ukivikalia vikiwa vipya. Lakini wenzetu wote walitaka kumthibitishia kaka kwamba viko salama. Kila mmoja alipanda ukutani akajirusha juu ya viroba, akacheka, akapanda tena. Mpaka zamu yake ilipofika, usumba ulikuwa umeshindiliwa kama sakafu ya udongo. Hakuna aliyeliona hilo, mimi nikiwemo. Nilikuwa natazama jua.

Akaruka. Mlio wake nilikuja kuufuta baadaye kwenye kompyuta, haukufaa kwa filamu. Nikamkimbilia nikiuliza kama ameumia. Akauliza, "Imetoka?"

Ilikuwa imetoka vizuri mno.

Filamu tuliionyesha Jumamosi mchana kwenye banda la video la mtaani kwetu. Mwenye banda hushika kipaza sauti na kutafsiri filamu za kigeni, na watu wamemzoea kiasi kwamba hata filamu ya Kiswahili huitaka sauti yake juu, la sivyo wanasema imepooza. Ana fahari moja: kila gari likiruka au mtu akiporomoka ghorofani, anaeleza walivyofanya. Ndivyo anavyowaonyesha wateja kwamba yeye hadanganyiki.

Kaka alikaa benchi la mbele, kiuno amekifunga kanga ya mama ndani ya shati. Paa la korona likatokea. Akaruka.

"Msishtuke, ndugu zangu!" mwenye banda akapaza sauti. "Kompyuta hiyo! Vijana wetu wa Tanga nao wameshaijua!"

Banda zima likapiga makofi. Alikuwa anatusifu.

Kaka akasimama. "Kompyuta ipi? Nimeruka mimi!"

"Shehe, kaa kitako, unatuziba!"

"Angeruka kweli angekuwa hapa? Si tungekuwa tunakula pilau la hitma yake!"

Watu wakavunjika mbavu. Kaka hakucheka. Akageuka akawatazama wote, akasema, "Basi Jumamosi ijayo njooni Maramba. Bila kamera. Nitaruka mbele ya macho yenu."

Banda likalipuka. Mmoja akasema ataleta Fuso, mwingine akaanza kugawa nafasi za kupanda. Nikaangalia mkono wa kaka. Ulikuwa umeng'ang'ania benchi, na bila benchi lile asingekuwa amesimama.

"Tusibishane," mwenye banda akasema kwenye kipaza sauti. "Mdogo wake yule pale, ndiye mwenye kompyuta. Msomi, sema. Kaka yako karuka?"

Nimesoma miaka yote hiyo nikiwauliza walimu ushahidi uko wapi. Ushahidi nilikuwa nao mimi, nyumbani, kwenye picha ambazo hazijakatwa, pamoja na ule mlio nilioufuta kwenye filamu.

"Hapana," nikasema. "Ni kompyuta."

"Mmeona!"

Habari ya Fuso ikafa hapohapo. Kaka alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake, anayesubiri mwenye jina aitike. Kisha akakaa, taratibu, na filamu ikaendelea mpaka mwisho.

Tulitoka pamoja. Njia nzima watu walinisimamisha. Mama muuza mihogo, ambaye hata hakuingia bandani, alikuwa ameshaipata habari. Nikamwamkia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kwenye kona kijana mmoja akaniambia ule mruko niliutengeneza hadi yeye tumbo likamkata.

"Ahsante," nikasema.

Kaka alikuwa pembeni, ameegemea ukuta, akingoja nimalize kupongezwa twende nyumbani.