Kikohozi cha Mfalme wa Giriwana

Saa nne asubuhi, katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya duka la baiskeli mjini Bantul, jeshi la watu elfu nane linarudi kutoka vitani. Jeshi hilo ni Mujirah peke yake. Ana miaka sitini na moja, amevaa viatu vya mbao, anakanyaga kokoto ndani ya karai huku funguo zikilia kiunoni.

"Mama Muji, leo jeshi linachechemea," mwigizaji mmoja anamtania.

"Limetoka kupigwa. Ulitaka licheze ngoma?"

Kwa miaka thelathini na mbili Mujirah ametengeneza sauti za michezo ya kuigiza ya redio. Sasa, pamoja na waigizaji ishirini, anarekodi riwaya saba za Giriwana, ufalme wa kubuni wenye majoka na wachawi, ambazo watu husikiliza kwenye simu. Waigizaji husimama duara, kila mmoja na kipaza sauti chake.

Machi mwaka huu, wakiwa kwenye kitabu cha nne, Darsono, aliyeigiza mfalme kipofu, alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Mwongozaji wao, Raras, hakuwa tayari kumweka mtu mwingine. Aliagiza kwamba penye maneno ya mfalme wanyamaze, na kipaza sauti cha Darsono kiachwe kikiwaka mahali pake.

"Siku ya tatu tukiwa tunasikiliza tulichorekodi, nikasikia kikohozi," anasema Mujirah. "Kikavu, mara mbili. Kilitoka kwenye kipaza sauti cha Darsono, kila ilipofika zamu ya mfalme. Kazi yangu ni sauti, mwanangu. Ile haikuwa mitambo."

Walibadilisha nyaya, wakazima feni. Kikohozi kikabaki. Waigizaji wawili wakaacha kuja, na Raras akaanza kusema kazi yote isimamishwe.

Mujirah ndiye aliyekwenda kwa mjane, Mama Ningsih. Mama huyo alikuja studioni, akavaa visikizio, akasikiliza mpaka mwisho bila kulia.

"Ni yeye," akasema. "Hukohoa hivyo kabla ya kusema jambo. Mmemwachia zamu, naye anangoja aitwe."

Akakisogelea kipaza sauti kile, akainama kidogo.

"Baba Ningsih, kazi yako imeisha. Hawa watapata mtu. Njoo nyumbani ule."

Mfalme mpya alianza Jumatatu iliyofuata. Studioni kikohozi hakijasikika tena. Ila Mujirah anasema Mama Ningsih siku hizi hupakua sahani mbili, na hakuna anayemuuliza.

Vimebaki vitabu vitatu, na magoti ya Mujirah yanamsumbua. Anaomba avimalize vyote.

"Nisipofika, nimeshamwambia Raras: kesho yake tu amlete mtu. Nafasi yangu asiiache wazi hata siku moja."