Neno Lililokuwa Sericho

Niliingia Isiolo juu ya lori la ng'ombe. Nilipanda Moyale kabla ya jua, nikakaa juu ya vyuma vinavyokatiza mgongo wa lori, ng'ombe wakipumua chini ya viatu vyangu. Marsabit tuliipita ndani ya ukungu, Laisamis ndani ya vumbi. Kila lori liliposimama, mchungaji aliyekaa kando yangu alishuka katikati ya pembe kumwinua ng'ombe aliyelala. Aliniambia ng'ombe akilala garini na hakuna mtu wa kumwona, wenzake humkanyaga, akafa bila kelele. Tulipovuka daraja la Ewaso Nyiro nilikuwa nimevimba miguu, nyimbo zangu zote zimeisha, na bado nilitamani safari iendelee. Ndivyo nilivyo. Tangu nimalize kidato cha nne nimeishi miji mingi, nikiionja kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi, kisha naondoka, kisha naikumbuka maisha yangu yote.

Mzigo wangu ulikuwa mkebe wa bisibisi ndogondogo na chuma cha kulehemu. Mimi ni fundi wa simu. Siku zile kaunti ilikuwa bado mpya, ofisi zinajengwa, wageni wanaingia na kutoka, na kila mgeni ana simu iliyopasuka kioo. Nilipata meza kwenye baraza ya hoteli ya mama mmoja Mturkana aliyeuza chai, chapati na maziwa ya ngamia. Tulikuwa karibu rika moja, lakini nilimwita mama kama mji wote ulivyomwita. Yeye aliniita fundi.

Alikuwa na chama cha akina mama wauza maziwa. Walikuwa wa kila upande wa mji: Waborana, Wasomali, Waturkana, na Mmeru mmoja aliyenunua maziwa yao kupeleka kwao milimani. Sanduku lao la akiba lilikuwa la chuma, lina kufuli tatu, na kila ufunguo ulikaa kwa mama tofauti, tena mitaa tofauti. Halikufunguliwa mpaka wote wamekaa, kila mtu mahali pa zamu yake ya kupokea mchango wa wenzake. Nimekaa miji mikubwa yenye benki za vioo, lakini sijaona pesa iliyolindwa kwa adabu kama ile.

Shida yao ilikuwa joto. Maziwa ya kutoka Kipsing na Korbesa yalifika yakiwa yameanza kuharibika, na walichohitaji ni friza kubwa. Mdogo wake mama wa hoteli alikuwa ng'ambo, na wenzake huko walikubali kuchanga. Lakini yeye alitaka kutuma kwa kripto. Mama akaja na simu mkononi.

"Fundi, hii pesa ya mtandao unaijua, ama unajua vioo tu?"

Niliijua kidogo. Kule Moyale mteja mmoja alipenda kunilipa hivyo, nami nilijifunza kwa kuogopa kudanganywa. Nilimwambia ningemfundisha yeye peke yake. Akakataa.

"Mimi nikijua peke yangu, nikikosea nitakosea peke yangu. Tuite watu. Kila Jumamosi, Waislamu wakishatoka kuswali adhuhuri, maana Wasabato hapa si wengi, na chai nitapika mimi."

Hivyo ndivyo mkutano wetu ulivyoanza. Mimi nilisimama mbele na kipande cha makaa, nikichora kwenye ubao wa bei za chakula. Mama ndiye aliyekuwa mwenyeji, na sheria zilikuwa zake: hakuna kuuza, hakuna kuandikisha mtu, kila swali linajibiwa kwa lugha ambayo aliyeuliza anaelewa. Nikikwama, mtu alidakia kwa Kiborana, mwingine kwa Kisomali.

"Mimi miraa yangu ikikaa siku mbili imekauka," mfanyabiashara mmoja kutoka milimani aliuliza. "Hii yako inakauka baada ya siku ngapi?"

Watu wakacheka, lakini lilikuwa swali zuri kuliko yote. Nilimwambia ziko zinazopanda asubuhi na kushuka kabla ya chakula cha mchana, na iko nyingine inayofuata dola, ambayo ndiyo wangetumiwa.

"Na mimi itaninunulia gari lini?" kijana wa bodaboda akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Wewe nunua chai kwanza," mama akamjibu.

Jumamosi moja alikuja bwana mwenye tai. Alisema anayo sarafu yake mwenyewe, ukiweka leo utachukua mara mbili mwezi ujao. Mama alimletea chai, akamvutia kiti. Kisha akamuuliza, kama watu wanavyoulizana kwenye soko la mifugo kabla ya mnyama kubadilisha mikono:

"Ndugu, hapa mtu akileta mbuzi sokoni lazima kuwe na mwingine anayemjua yeye na boma alikotoka. Wewe nani anakujua hapa?"

Bwana alitaja tovuti.

"Hiyo tovuti ni ya ukoo gani?" akauliza mama mmoja Mborana, taratibu kabisa.

Bwana yule alimaliza chai yake na hatukumwona tena. Nilicheka na wengine, ingawa nilijiuliza ningejibu nini kama swali lile lingeelekezwa kwangu.

Siku ya kufungua pochi ya chama kwenye simu, yaani mahali pesa hiyo inapokaa, nilieleza jambo ambalo kila mwalimu wa kripto hulirudia. Pochi ina maneno kumi na mawili ya siri. Simu ikipotea, maneno hayo kwa mpangilio wake ndiyo yatakayorudisha pesa. Yakipotea, hakuna ofisi ya kwenda kuyaulizia.

"Hata kwa chifu?" mmoja wao akauliza.

"Hata kwa chifu."

"Basi anayeyajua ndiye mwenye pesa."

"Ndiyo. Andikeni kwenye karatasi, fungieni mahali. Msimwambie mtu yeyote."

Wakatazamana. Wiki iliyofuata nikauliza karatasi iko wapi. Mama akasema wameichoma jikoni. Walikuwa kumi na wawili, maneno kumi na mawili. Kila mmoja alichukua neno la zamu yake, wa kwanza kupokea akachukua la kwanza, hadi wa mwisho. Wasiojua kusoma walifundishwa herufi nne za mwanzo za neno lao, maana hizo zinaitosha pochi kulitambua.

Nilishika kichwa. "Mama, nilisema msimwambie mtu!"

"Na nani ameambiwa? Hakuna anayejua maneno. Kila mtu anajua neno."

"Na mmoja akienda mbali?"

"Ufunguo wa sanduku ukienda mbali tunangoja. Fundi, wewe unaogopa watu kuliko unavyoogopa wezi."

Pesa ikaja, kidogo kidogo, hadi ikakaribia bei ya friza. Kisha, asubuhi moja yenye wateja wengi, mama akainama kukoroga, na simu ya chama ikatoka kwenye kifua cha gauni ikazama ndani ya sufuria ya chai. Nimefufua simu zilizokanyagwa na ngamia. Hiyo ilikuwa imechemka pamoja na tangawizi na sukari. Niliifungua, nikaisafisha, nikaiangalia, nikaifunga.

Mama hakulia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo sijawahi kumwona akikaa. "Wale watoto huko ng'ambo wamechanga kwa jina langu," alisema. "Na hawa wamekubali kwa jina langu. Friza isipokuja, nitauza chai kwa nani katika mji huu?"

Yalibaki maneno kumi na mawili, na kina mama kumi na mmoja walikuwa mjini. Mmoja, Mborana mwembamba mwenye zamu ya saba, alikuwa Sericho na ngamia wa baba yake, kwa sababu ya ukame. Alipigiwa simu siku nyingi bila kupatikana. Kwa kuwa mimi ndiye mtu asiyeweza kukaa, nikasema nitaenda.

Nilisafiri kwa lori la unga hadi Garba Tula, na huko nikangoja lori jingine. Njia ilikuwa mchanga na miiba, na miguu ilivimba tena, na moyo wangu, nakiri, ulifurahi. Nilimkuta kwenye kisima, anapokezana ndoo na wengine, ngamia wamepanga foleni kwa subira kuliko watu. Nilimweleza kuhusu sufuria ya chai. Alicheka hadi akaweka ndoo chini.

"Sasa nipe neno," nikasema, "nirudi nalo."

Kicheko kikaisha. "Nani amekwambia neno ni la kubebwa na wewe?"

"Mama mwenyewe amenituma."

"Amekutuma uniite. Hajakutuma uchukue."

"Unakumbuka lakini?"

Alinigeuzia mgongo, akachora kitu mchangani kwa fimbo yake, akakitazama, akakifuta kwa unyayo. "Liko," alisema. "Ngamia wamalize kunywa. Kesho tunaenda."

Ilimlazimu kumwomba binamu yake amshikie zamu ya kisima, na katika ukame zamu ya kisima si kitu cha kuomba ovyo. Alisafiri njia yote ile, juu ya magunia, ameshika kamba kwa mkono mmoja, kwa ajili ya herufi nne. Ningeweza kuziandika kwenye kiganja changu. Nilimtazama njia nzima na nikaona haya kidogo, lakini zaidi nilimstaajabia.

Hotelini walifunga mlango mchana kweupe, wateja wakafukuzwa. Niliwawekea pochi kwenye simu nyingine, nikawaonyesha mahali pa kubonyeza. Walikaa kwa zamu zao, kama siku ya sanduku. Kisha mama akanigeukia.

"Fundi, asante. Sasa toka nje."

Nikatoka, mwalimu wao, nikakaa kwenye gunia la makaa. Ndani kulikuwa kimya, kimya cha watu wanaotafuta herufi kwa kidole kimoja. Kisha nikasikia mtu akisema, "Saba, njoo," na kiti kikaburuzwa. Baada ya hapo viti vingine vikaburuzwa, kimoja kimoja. Mara vigelegele vikapasuka, nyumba nzima, na kijana wa bodaboda upande wa pili wa barabara akauliza ni nani ameolewa.

Mchango wa mwisho ulipoingia na pesa ikageuzwa shilingi, friza ilikuja juu ya mkokoteni, nyeupe, kubwa kama kitanda. Mkutano wa Jumamosi uliendelea kando yake, na watu walikuja kuuliza maswali huku wameegemeza viwiko juu ya ubaridi.

Mwaka uliofuata mama Mmeru alirudi kwao kutunza wazazi, na zamu yake ikabaki wazi. Jioni moja mama wa hoteli aliweka chai mezani kwangu kabla sijaagiza.

"Tumekaa, tumeongea. Chukua neno lake. Wewe ni wetu sasa."

Sijapata kupewa heshima kubwa kuliko hiyo, na sidhani kama nitapata. Nilimkumbuka yule wa Sericho akiiacha zamu yake ya kisima. Nikajiona mimi, siku simu nyingine itakapoanguka, na mtu yuko juu ya magunia ananitafuta, Lodwar, Moyale, sijui wapi.

"Mama," nikasema, "mtu wa neno ni mtu anayepatikana."

Hakubishana. Alijua. Alisema tu, "Basi ondoka kabla hatujakuzoea zaidi."

Niliondoka Jumatatu, kwa lori linaloenda kusini, na mkebe wangu wa bisibisi. Mama alinipa chupa ya maziwa kutoka kwenye friza, imefungwa kwa gazeti ili isipate joto. Meza yangu barazani ilikuwa tayari na mtu, mama mgeni wa chama aliyepewa zamu ya yule Mmeru, amekaa na simu mkononi, anajifunza herufi zake nne. Aliponiona akaifunika kwa leso.