Majani ya Mtiki

Mvua zilishaanza, Ifakara nzima iko shambani, na mimi nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mbegu zangu za mpunga zilikuwa bado kwenye kapu. Huku kwetu mbegu tunaziloweka, kisha tunazivundika: tunazifunika kwa majani ya mgomba zipate joto, zichipue kabla ya kumwagwa kitaluni. Mwaka huu ng'ombe wamemaliza migomba yangu, na kwenda kuomba majani kwa watu niliona ni kupoteza muda. Nyuma ya nyumba nina mtiki wenye majani mapana kama sinia. Chini yake sijawahi kupalilia, maana hapaoti kitu. Nikaloweka mbegu, nikazirudisha kapuni, nikachuma majani machanga, nikazifunika.

Basi sikutulia. Nafunua, sioni kitu, namwagia maji, nafunika. Nageuka, narudi tena. Mbegu za jirani zikachipua. Nikaanza kumtukana aliyeniuzia zangu.

Mume wangu akachoka. "Mama, wape kuku, tupumzike!" Akabeba kapu, akalipindua uani.

Ndipo nikaona. Mbegu za juu zilikuwa nyekundu kwa maji ya yale majani, hakuna hata moja iliyochipua. Kile kilichozuia magugu chini ya mti nilikuwa nakiteremsha mwenyewe, kila nilipomwaga maji. Lakini za chini, ambako maji yangu hayakufika, zilikuwa zimechipua vizuri, nyeupe.

Kuku walianza na hizo.